Jamhuri Ilikatwa Mkono Lini?

Genkuru, Tarime

Dada yangu Oliva,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepona na kahawa imeanikwa. Mimi ni mzima, ila siku hizi naishi kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Asubuhi ukungu hushuka vilimani, ukakutana na vumbi la makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, na watu hupita humo weupe hadi kope. Miguu yao haionekani. Mimi husimama kwenye kibanda changu cha chakula, mwiko mkononi, nisijue kama ni wateja au ni ndoto yangu inapita.

Katika ukungu huo ndimo Bhoke alimokatwa. Bhoke ni mjane, jirani yangu wa chumba cha pili, kazi yake kuponda mawe. Kijana anayeitwa Chacha alimkata panga mkononi, akaondoka na kiroba chake cha mawe. Nilimfunga Bhoke kidonda kwa khanga yangu. Ilibidi tupite polisi kwanza kuchukua fomu, ndipo atibiwe. Damu inasubiri karatasi, dada.

Kesi ikapelekwa Tarime mjini. Unanijua, nikiona maandishi lazima niyasome, na nikiyasoma sinyamazi. Ubaoni paliandikwa Jamhuri dhidi ya Chacha. Bhoke hayumo. Nikamuuliza karani, Jamhuri ilikatwa mkono lini? Akacheka, akasema, "Mama, huyo wako ni shahidi tu." Shahidi, kama aliyekuwa akipita njia akaona mkono wa mtu mwingine unakatwa. Mshtakiwa husomewa shtaka, huulizwa anasemaje, huruhusiwa kuhoji. Hiyo ni haki yake na nitaitetea. Lakini aliyeumizwa anaambiwa asubiri nje mpaka aitwe. Chacha alipopewa dhamana hakuna aliyetuambia. Bhoke alikutana naye dukani ananunua sukari, akamsalimu, "Habari za mkono?"

Sasa nikusimulie kosa langu. Jumapili moja Bhoke alilala na homa ya kidonda. Mke wa jirani akaniletea paja la mbuzi kwenye sinia, akasema ni la Bhoke. Nikashukuru, nikalipika mchuzi mzito, nikamlisha kwa ugali wa mtama, nami nikala. Nikamwambia kula, urudishe damu. Hakuuliza nyama imetoka wapi, nami sikuuliza imeletwa kwa nini. Mimi, ninayeuliza kila mtu kila kitu.

Kumbe wazee wa koo mbili, ya Chacha na ya marehemu mume wa Bhoke, walikuwa wamekaa. Shemeji zake Bhoke wamepokea ng'ombe, na mbuzi wa suluhu amechinjwa. Kwa watu wa huku, aliyekosewa akila nyama ile, neno limekwisha, halitajwi tena.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilikuwa na joto la kusinzia. Mwanga wa dirishani ulijaa vumbi linaloelea, na sauti za watu zilinifikia kama zinatoka ng'ambo ya mto. Mzee Marwa, baba mdogo wa Chacha, akasimama na kofia mkononi. "Mheshimiwa, sisi tumepatana. Mama huyu amekula." Mwendesha mashtaka akasema hana pingamizi, kesi iondolewe. Nilisimama nipige kelele, askari akanibonyeza bega nikakaa.

Ndipo Bhoke akainua mkono wenye bandeji.

"Nyama nimekula," akasema. "Nilipewa nikiwa na homa, sikuambiwa ni ya nini. Ng'ombe wamekwenda kwa shemeji zangu. Mimi sijaulizwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Basi nakuuliza mimi. Umesamehe?"

Dada, tangu lile panga, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. Polisi walimuuliza saa ngapi. Daktari alimuuliza kama anahisi vidole. Mimi nilimhutubia tu. Alitazama kiganja chake mpaka nikadhani amelala wima.

"Bado, mheshimiwa."

Hakimu akaliandika neno hilo. Kesi inaendelea, nami nimeitwa kueleza habari za nyama. Shemeji zake wamehamishia vyombo vyake uani, wakafunga chumba kwa kufuli, kwa hiyo sasa analala kwangu. Anakoroma. Nilimuuliza kama mimi amenisamehe. Akasema, "Wewe unaongea sana, lakini mchuzi ulikuwa mzuri." Sikudai jibu lingine.

Nisalimie shemeji, fundi cherehani wetu, mwambie gauni alilonishonea ndilo nitakalovaa kizimbani. Msalimie mama mdogo na pombe yake ya ulezi, na katekista wa kigango, aniombee ufupi wa maneno. Ukijibu, usinishauri tumalize nyumbani. Mwenye kumaliza yuko hapa pembeni yangu, ananichambulia mchele kwa mkono wa kushoto, na hajasema.

Mimi mdogo wako asiyenyamaza,
Stefania