Kesho wa Sura ya Tatu

Nyumba ileile,
mlango uleule wa kijani.
Jumapili mchana, tarehe 14

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na binti yenu, lile jino lililokuwa likimsumbua limeshatoka? Sisi huku wazima, ule uzima wa kusema tu. Mgongo wangu unanikumbusha umri kila nikiinama. Mama anakula vizuri. Macho yake ndiyo yamekwisha: sasa anaona mwanga na kivuli, basi. Ananitambua kwa mlio wa ndara.

Kazini ni kulekule, mapokezi ya kliniki ya meno. Kila siku tangu asubuhi naita majina ya watu, na kila ninayemwita anainuka ameshika shavu. Sijawahi kuona mtu akifurahi kusikia jina lake kinywani mwangu.

Sasa, kile kitabu changu. Usicheke. Baada ya miaka sita ya kuandika saa za chakula cha mchana, kimempata mhariri. Kanipigia simu mwenyewe. Hadithi kaipenda, majina kayakataa. "Dada, mwaka huu peke yake nimeshasoma akina Juma kumi na wanne," akasema. "Huyu wako wa kumi na tano simtaki. Nitafutie jina ambalo msomaji hajawahi kukutana nalo."

Hadithi yenyewe ni ya mtu anayeondoka kwao akiahidi kurudi baada ya mwezi. Nikaanza kumtafutia jina, nawe unanijua, nikishika kitu sikiachi. Kwa kuwa kutwa nzima nimezungukwa na meno, nikamwita Gego, mkewe Chonge, na mama mkwe Bi Ufizi. Daktari wetu alicheka hadi akavua barakoa. Mhariri hakucheka. Wiki mbili nilisoma maboksi ya dawa, nikageuza majina ya watu kutoka nyuma kwenda mbele, nikapata vitu ambavyo ulimi ulivigomea.

Mwishowe nikachoka, na aliyechoka huchukua kilicho karibu. Nikachukua jina lako. Si la kwenye cheti, ni lile la nyumbani alilokupa marehemu Baba, enzi zile kila ukiambiwa ufagie unajibu "kesho". "Basi wewe ndiye Kesho," akasema, na likaganda. Sikukuomba ruhusa, nisamehe.

Nikaiambia kompyuta ya ofisini ibadilishe kila palipo na Juma paandikwe Kesho. Ikatii kama askari. Sikukumbuka kwamba wiki yetu nzima imejaa Juma! Sasa kitabu changu kina Keshotatu, Keshonne na Keshopili. Sura ya kwanza inaanza "Ilikuwa IKeshoa jioni", na palipokuwa na hujuma pana huKesho. Daktari siku hizi akipanga zamu ananiuliza, "Dada, mapumziko unataka Keshotatu au Keshonne?" Nilicheka mbavu sina, kisha nikagundua kicheko kimekwisha na machozi bado yanatoka.

Nikaona heri nisome kwa sauti ili nisahihishe, maana jicho lililochoka huruka makosa. Ijumaa ya wiki iliyopita, nilipotoka kazini, nikakaa sebuleni na karatasi zangu. Mama alikuwa chumbani, nilidhani amelala. Nikafika sura ya tatu: "Kesho aliingia, akatua begi lake, akauliza kama kuna maji ya kuoga."

"Kaja?" Mama akaita. "Mchemshie maji! Usimpe ya baridi, katoka mbali huyo."

Nilipofika chumbani alikuwa ameshasimama, gauni lake la kutokea amelivaa nyuma mbele, mkono mmoja unapapasa ukuta. Nikamwambia ni kitabu, Mama, ni hadithi tu. Akakaa kitandani. Hakulia. Akasema, "Haya. Soma tena pale anapoingia."

Tangu siku hiyo, kila nikirudi kutoka kazini, ombi lake ni hilo. Kwanza pale anapoingia, halafu kurasa mbili za mbele. Anauliza kama umekonda. Anakosoa pia: jana alisema Kesho wa kweli hawezi kuosha sahani yake mwenyewe, kitabu kinakusingizia.

Mhariri naye jina hajalipenda. Anasema msomaji hatajua kama ni mtu au ni siku. Kaniuliza juu ya sentensi moja tu, "Kesho atarudi". Anarudi nani, kaniuliza, au anarudi lini? Mdogo wangu, swali hilo nakuletea wewe, maana si la sarufi. Anataka jina jipya kufikia Jumatano. Atalipata, sina nguvu za kubishana, na huenda yule mtu akawa Gego tena. Ila nakala ninayomsomea Mama sitaigusa.

Shida ni hii. Katika sura ya tano mtu wangu anaondoka, na kitabu chote kilichobaki hayumo. Ndivyo nilivyokiandika, na unajua nilikitoa wapi. Kwa mwendo wa kurasa mbili kwa siku, bado siku kumi na mbili aondoke. Nilifikiri nitachomekea vipande vya kunisaidia: Kesho akinywa chai, Kesho akitengeneza kitasa. Niliandika viwili. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo umetunga."

Nimechoka, mdogo wangu. Silaumu. Najua kazi yako, najua umbali, najua safari hiyo si ya kwenda dukani na kurudi. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la Mama lina miaka themanini na moja.

Mjomba anakusalimu, bado anagombana na redio yake. Jirani yetu fundi cherehani anauliza kama ile suruali aliyokushonea bado inakuingia. Msalimie sana wifi, na mbusu binti yenu kwa niaba ya shangazi anayemjua kwa picha tu. Mungu awafungulie njia ninyi mlio mbali, nasi tulio nyumbani atutie nguvu za kungoja.

Ila usinijibu kwa lile neno lako. Niandikie siku, na uiandike kwa jina lake kamili.

Wako akupendaye, hata akichoka,
Dada