Jiwe la Chumvi Ulilomtumia Mama

Dada Mapendo,

Jiwe lako lilifika salama. Mama amekwisha kukuambia hivyo kwenye simu, tena zaidi ya mara moja, lakini mama alikuambia yake na mimi sijakuambia yangu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezi kusema. Kila ukipiga, mama ananipokonya simu kabla sijamaliza salamu, anafungua spika, na nyumba nzima inakusikiliza kama mahubiri. Barua hii hawezi kuisoma, maana macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Kwa hiyo leo ni wewe na mimi.

Nianze na lililo moyoni, maana nikilizunguka sitalifikia. Ninakuonea wivu. Si wivu wa Ubelgiji, wala wa makoti yako, wala wa ile picha ya jiko lako lenye kabati za vioo. Ninakuonea wivu kwa mama. Mimi ndiye ninayeishi naye hapa Mulongwe, ndiye ninayemfulia na kumkanda magoti baridi ikimshika, lakini ukimsikia akiongea na wageni utadhani alizaa mtoto mmoja tu, na huyo mmoja yuko Ulaya.

Unakumbuka jiko letu la Makobola, lile la nyuma ya nyumba, lililotazama ziwa? Mama alikuwa ananunua ndagala asubuhi mitumbwi ikirudi, tunazianika mchangani, na mchana tunapika zile alizobakiza kwa ajili yetu. Kazi yangu ilikuwa kupepea makala mpaka yashike moto, na kuparua magamba ya mikeke mpaka vidole vinachubuka. Kazi yako ilikuwa moja. Wewe ulitia chumvi. Mama hakutaka chumvi ya sufuria itiwe na mikono miwili, kwa sababu kila mmoja angedhani mwenzake hajatia, na chakula kingeharibika. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo ilivyokuwa kwetu: nyumba moja, mkono mmoja wa chumvi. Nami sikuwa na shida na sheria hiyo. Shida yangu ilikuwa ni mkono wa nani.

Hata ulipokuwa unacheza mbali kule majini, mama aliniacha mimi niliyekuwa kando yake na kuita kwa sauti: "Mapendo, kuya utie chumvi." Ulikuja mbio na mchanga miguuni, ukatia, ukaondoka. Siku moja nilimuuliza kwa nini si mimi. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua hata kichwa. "Weye mukono yako iko nzito," alisema. Sikuwa nimewahi kutia chumvi hata mara moja maishani mwangu. Mpaka leo sijui uzito huo aliupima wapi.

Lakini wewe ulikuwa unajua kuwa ninaumia, hilo sitakunyima. Punje zilizobaki kiganjani ulikuwa huzirudishi kwenye kopo. Ulinifuata nyuma ya jiko, ukafungua mkono, ukaninong'oneza: "Lamba, usiseme." Nililamba kiganja chako chote, pamoja na mchanga wake. Nilikuwa ninakupenda na kukuchukia kwa wakati mmoja, na tangu siku zile sijaweza kuvitenganisha vizuri vitu hivyo viwili.

Ulipoondoka tulikusindikiza mpaka mpakani Kavimvira. Mama hakulia mbele yako. Tuliporudi nikatwanga majani ya muhogo nikapika sombe, moyoni nikijua kwamba zamu yangu imefika, na nikachukua kopo la chumvi. Mama akanyoosha mkono, akalichukua mikononi mwangu taratibu. Tangu hapo anatia mwenyewe. Mimi nina vijana walioota ndevu, Dada, nimesimamia masufuria ya harusi na ya misiba ya ukoo wetu wote, na watu wanaondoka wakisifu. Kwenye sufuria ya nyumba yangu mwenyewe, chumvi anatia mama. Nilikuwa ninafikiri kwamba anakulindia nafasi yako. Sasa umemtumia chumvi yenye ukubwa wa tofali.

Nikusimulie basi, maana hukuwepo. Yule bwana uliyempa jiwe alilipitisha Bujumbura, akalileta limefungwa ndani ya sweta yako. Mama alianza kwa kunusa sweta. Kisha akalitoa jiwe, la rangi ya waridi, akalishika kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipolia. Aliliweka sebuleni kwenye etajeri, kando ya picha ya baba, juu ya kile kitambaa alichofuma mwenyewe. Kila mgeni alioneshwa. Yule mzee wa Rurambo anayetushushia maziwa aliligusa kwa kidole, akalamba kidole, akacheka kwa moyo mweupe kabisa. "Mama Mapendo, hii iko ya ng'ombe," alisema. "Kule juu tunaziwekea chumvi juu ya jiwe, zinalamba." Siku hiyo hakupewa chai. Ndiyo, umesikia vizuri, anaitwa Mama Mapendo. Hata mimi ninayeishi naye, watu wa mtaa wananiita mdogo wake Mapendo.

Sasa, jiwe hilo halikuandaliwa kwa hewa ya ziwa hili. Mvua zilipoanza likaanza kutoka jasho. Asubuhi tulikuta maji chini yake, kitambaa cha mama kimeloa na mbao za etajeri zimevimba. Nikasema tulirudishe kwenye sweta. Mama akalipangusa kwa kitenge chake cha kanisani, akalifunga, akalilaza chumbani kwake kama mtoto.

Siku ya kupika juu ya jiwe tulichagua Jumapili, baada ya ibada. Mama alikuwa ameisikiliza sauti yako ya WhatsApp mpaka ameikariri: lipashwe polepole, moto mdogo kwanza, lisioshwe kwa sabuni, lisiloweshwe, mafuta yasitiwe. Nikaliweka kwenye mbabula. Jiwe ni pana kuliko mbabula, likafunika makala yote, moto ukakosa pumzi ukafa. Nikaanza upya kwenye mafiga nje, nikapanga makala kidogo kidogo, nikapepea, nikaongeza. Unajua bei ya makala hapa, basi nisiseme. Jiwe likawa linalia ndani kwa ndani, tak, tak, na kila likilia mama anasema: "Polepole, weye. Utavunja jiwe ya mutoto wangu." Mimi nimeinama hapo tangu watu watoke kanisani, moshi umenijaa machoni, na mtoto wake ni mwingine.

Nitasema kweli, niliomba lipasuke.

Halikupasuka. Nikalaza mkeke mzima kama mama alivyotaka, na mkeke ukagandia, ngozi ikabaki juu ya jiwe na nyama ikanijia vipande vipande, imetoa maji upande mmoja na upande mwingine mbichi. Moyo wangu ulitulia kidogo. Kisha nikachukua sangala, nikamkata vipande vyembamba kama ulimi, nikavitandaza vikavu. Hapo, Dada, jiwe lako likafanya kazi. Vilibadilika rangi nikiwa bado ninatandaza vingine, vikajifunga, vikatoka vyenyewe bila kugandia, vikavu nje na laini ndani, na harufu yake si ya kukaanga wala ya kuchoma. Nilikula kimoja nikiwa nimesimama, nimewapa watu mgongo. Kilikuwa kitamu. Niliudhika sana.

Ukiniuliza kama jiwe hilo linastahili taabu yake, nitakujibu kama mpishi na si kama mdogo wako. Kwa mkeke, hapana. Kwa yai, usijaribu, linakimbilia kwenye majivu. Kwa ndagala mbichi, zinaiva haraka lakini zinakunywa chumvi mpaka ulimi unawasha. Kwa sangala aliyekatwa vyembamba, ndiyo, mara moja moja, kama una makala ya kuchezea na siku nzima ya kupoteza. Mafuta kidogo ya mawese na kikaango yangenipa chakula cha watu wale wale kabla maji ya bugali hayajachemka. Hayo ndiyo mapishi.

Lakini mama alikula kuliko nilivyomwona akila tangu mwaka uanze. Alikula kwa vidole, akavifuta kwenye jiwe na kuvilamba. Majirani walikuwepo, wameketi na sahani zao. Akawatazama wote, akasema: "Leo ni Mapendo ametupikia." Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika koleo la makala, na majivu yalikuwa yamenifika kwenye nywele. Nikaingia ndani kuchukua maji ya kunawa ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuandikia. Ningemeza, nimezoea. Lakini kuna jambo mama amenikataza kukuambia, nami leo ninalivunja katazo hilo.

Mama ana tasio, damu yake inapanda. Kabla jiwe halijafika alianguka hapa uani karibu na bomba. Aliketi chini ghafla na ndoo yake, akasema dunia inazunguka, na mdomo wake ulikuwa mzito kutamka jina langu. Tukampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi akampima, akapima tena, akaniita pembeni. Dawa kila siku, alisema, na chumvi ipunguzwe mpaka karibu iishe kabisa nyumbani, la sivyo anguko la pili linaweza kuwa baya kuliko la kwanza. Tukiwa njiani kurudi mama alinishika mkono kwa nguvu. "Usimuambie Mapendo. Iko mbali, atateseka bure." Unaona alivyotugawia? Wewe ulindwe usiteseke. Mateso nibaki nayo mimi, niliye karibu.

Dawa anameza. Chumvi hataki kuiacha. Nikificha kopo anakwenda kwa jirani. Nikipika bila chumvi anasukuma sahani na kusema: "Minye siwezi kula chakula ya hopitali. Weye unanifunga ndani ya nyumba." Nimebembeleza, nimegomba, nimemleta mchungaji. Muuguzi mwenyewe alikuja hapa akamweleza kwa upole, mama akamsikiliza, akamshukuru, na akampa kipande cha sangala kutoka kwenye jiwe lako. Sasa kila Jumapili ni jiwe, nikikataa anawasha makala mwenyewe, na siku za katikati analiparua kwa kisu na kunyunyiza unga wake kwenye sombe, kisha anafumba macho anapokula. Wiki hii nimemkuta tena ameshika ukuta, akisubiri uani paache kuzunguka. Aliponiona akajifanya anatazama paa.

Hakatai kwa sababu ya ulafi, Dada. Mama hajawahi kuwa mlafi. Anakataa kwa sababu chumvi ile imetoka kwako, na kuiacha anaona ni kama kukufungia mlango. Mimi nikimwambia iache, anasikia maneno ya mtoto mwenye wivu. Na wivu ninao kweli, kwa hiyo sina la kujitetea. Nimejiuliza usiku na mchana kama ninataka jiwe liondoke kwa ajili ya damu yake au kwa ajili yangu. Ni kwa yote mawili. Lakini damu yake ndiyo inayopanda.

Nimefika kwenye ombi langu, na limenigharimu kuliko makala. Mpigie simu. Mwambie umesikia huko Ulaya kwamba mawe hayo hayawafai watu wa umri wake, na kwamba hukulijua hilo uliponunua. Mwambie alifunge na asiliguse tena. Mwambie na chumvi ya sufuria asitie yeye, aniachie mimi. Nimeitamani kazi hiyo tangu Makobola, na sasa nikipewa ni ili nisiifanye. Lakini nitaipokea, hata ikitoka mkononi mwako.

Usimwambie kwamba nilikuandikia. Na usianze kumhurumia kwenye simu, atajua mara moja kwamba nimesema, na hatanisamehe. Ongea naye kama kawaida, cheka naye, umuulize habari za kwaya, kisha ulitie hilo katikati kama la kwako. Piga mchana nikiwa sokoni, maana nikiwa karibu uso wangu utanisaliti.

Atakutii. Hilo ndilo ninalolionea wivu kuliko yote, kwamba neno lako moja kutoka nchi yenye theluji linafanya kile ambacho mimi nimeshindwa kukifanya kwa machozi, nikiwa nimempigia magoti hapa hapa miguuni pake. Nitarudi na kapu langu, nitamkuta amekaa mlangoni ananisubiri anihadithie, na ataniambia: "Unaona Mapendo? Iko mbali lakini ananiwaza. Nyinyi mwenye muko hapa hamuoni kitu." Nitasema: ndiyo, mama, kweli anakuwaza. Sifa hiyo nayo ichukue, Dada. Mimi niachie mama akiwa hai.

Mdogo wako,
uliyemwacha nyumbani