Jina Lililonitoka Darasani

Jumanne jioni, Balangdalalu. Upepo umetulia, na Mlima Hanang umejifunika wingu tangu mchana. Naogopa. Niandike tu hivyo kabla sijaanza kujifanya jasiri.

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanasoma jinsi Wajerumani walivyoiteka nchi hii. Maelezo ya ubaoni yalikuwa yanawatia usingizi, kwa hiyo niliwatuma wakaulize nyumbani, kisha wachore katuni. Wamechora mpaka nikashangaa: askari na bunduki zao, ng'ombe wanaswagwa, mzee mmoja amesimamishwa chini ya kamba anyongwe. Mzee huyo ni wa ukoo wa mume wangu. Aliyemchora ni wifi yangu, ninayemfundisha, na juu ya kichwa cha mzee ameandika jina kwa herufi kubwa.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Endagikot. Huku nilikoolewa, kwa wafugaji, mke hatamki majina ya wazee wa mumewe, hata waliokufa zamani. Akitamka, wanasema, mkosi unamwangukia mtoto. Nami ni mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa.

Tulikubaliana ukurasa ule wa katuni ausome wifi mbele ya darasa. Yeye ni binti wa ukoo, hakatazwi. Leo alipofika kwenye kamba, akakwama. Mimi nilikuwa nimenogewa na somo, nikaendelea pale alipoishia.

Nikalitaja.

Watoto wa wafugaji wakalitazama tumbo langu.

Najiambia kwamba nimebatizwa, mambo haya hayanihusu. Lakini tangu kipindi kile mtoto hajacheza, na jioni ndiyo huwa anacheza sana.

Mama mkwe amekuja muda si mrefu. Wifi alikuwa ameshamwambia. Nilimpa shikamoo. Hakunigombeza. Alimwaga maziwa kidogo mlangoni, akaomba kwa lugha yake, nikaelewa nusu. Halafu akataka kuiona katuni. Hajui kusoma, kwa hiyo akaniambia nimwekee kidole pale jina lilipo.

"Tangu naolewa naliogopa jina hili," alisema. "Leo ndiyo namwona mwenyewe."

Alimtazama mzee yule kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama mtoto wangu yuko salama. Akasema nipumzike, asubuhi na mapema tutaenda wote zahanati. Nilitaka aseme ndiyo.

Waliomnyonga hawakujali aliitwa nani, na mimi mwalimu sitaki darasa langu limwite "mzee mmoja" tu. Lakini hata hapa, ninapoandika peke yangu, nimeshindwa kuliandika jina lake.

Nimekaa kitandani, mkono uko tumboni.

Cheza basi, mwanangu. Hata kidogo tu.