Siku Nyumba Yetu Ilipoondoka Bila Mimi

Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Baba, kwa jina la Mungu aliyetufikisha leo sote tukiwa na uhai. Goti lako linaendeleaje? Kaka Kimathi aliniambia ulishuka mpaka Embu kumwona daktari, ukalala kwao pale Majimbo, ukarudi na dawa ya kupaka tu. Ng'ombe je, amezaa? Na mvua imefika huko Kaaga, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wengine?

Sisi ni wazima. Hilo nililisema kwenye simu na ni kweli. Lakini simu ya Baba huwekwa sauti ya juu mpaka jirani anasikia, na mimi siku ile sikuwa na maneno. Hata sasa sijayapata yote. Nikisikia lori likipita barabarani nasimama kuangalia mlango. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia. Karimi wa Nkubu anakuja nyumbani wiki hii na atakuletea barua hii mkononi. Isome ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu mimi mwenyewe.

Unajua tunavyoishi. Tulipokutumia picha ulicheka ukasema, "Kwa hiyo mmehamia ndani ya basi." Na ni kama basi kweli. Mbele kuna usukani na viti viwili, nyuma kitanda chetu, katikati jiko, meza, choo, na kabati ambalo mjukuu wako Makena anaita chumba chake. Tulihamia humo kwa sababu kodi ya chumba huku ng'ambo ilikuwa inameza mshahara wote wa mkweo Murithi, na sisi tulikuwa tumekuahidi nyumba ya mawe. Tukasema, tubanane miaka michache, mtoto bado mdogo, kila kinachobaki kiende Kaaga.

Watu hudhani kuishi ndani ya gari ni bure. Mimi pia nilidhani. Kumbe gari lenyewe ni mtoto mwingine wa kulisha. Unalipia kiwanja cha kuegesha, na umeme, na maji, na gesi ya kupikia, ambayo baridi ikija inaisha kama chumvi kwenye mvua. Unalipia kumwaga maji ya choo. Unalipa bima. Tairi moja ni bei ya ndama, na gari lina sita. Siku ya mshahara mimi na Murithi tunakaa mezani, tunagawanya pesa kwenye bahasha, na bahasha ya kwanza kujazwa ni ya matengenezo, kwa sababu paa likivuja au breki zikichoka, ni nyumba nzima imeharibika. Ya pili ni yako. Ndiyo iliyofikisha kuta kwenye linta, pale juu ya madirisha, na ndiyo ilikuwa ikusanye mabati kabla ya Desemba.

Mtu wa kuachiwa mtoto ndiye aliyetushinda. Huku kumwachia mtu mtoto ni ghali kuliko chakula. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, natoka saa moja asubuhi. Murithi anaondoka na gari dogo saa kumi na moja kwenda kazini kwenye ghala. Hayo masaa mawili katikati tulimpa Doris.

Doris ni jirani yetu, mzungu, umri wake unakukaribia wewe na Shangazi. Alipika kwenye jiko la shule maisha yake yote. Mumewe alipofariki aliuza nyumba kulipa deni la hospitali, akanunua trela ndogo, ile ya kuvutwa na gari, akaiweka kando ya yetu chini ya mti. Gari la kuivuta aliliuza baadaye. Nilishtuka sana nilipoelewa kwamba hayuko likizo. Nilikuwa nimewaona wazee wengi pale, na viti vyao vya kukunja na maua kwenye vikopo, nikafikiri ni matajiri wanaotembea dunia. Doris akanicheka. "Gatwiri," akasema, jina langu analivunja vibaya, "hapa nusu yetu hatuna pengine pa kwenda." Tukapatana: yeye anakuja kukaa na Makena alfajiri, mimi nampikia na kumpeleka kliniki. Hakutaka pesa. Alitaka chapati.

Sasa sikia kilichotokea.

Kiwanja chetu kiko kando ya mto. Siku za kawaida si mkubwa kuliko mto wetu wa Kathita, unaweza kuuvuka umeinua sketi. Usiku ule kwetu ilinyesha manyunyu tu, kumbe huko juu milimani ilikuwa inamwaga. Asubuhi mwenzangu wa kazini akanipa lifti kama kawaida. Tulipofika darajani tukakuta polisi amefunga njia. Akasema kiwanja kimefunikwa, hakuna kwenda chini.

Nikampigia Doris. Simu imezimwa. Nikampigia Murithi, lakini kazini kwao simu hukaa kwenye makabati. Nikashuka garini, nikaenda kwenye ukingo nikaangalia.

Mama, hapakuwa na kiwanja. Palikuwa na maji ya rangi ya udongo, yanakimbia, na magogo ndani yake. Niliona nguzo yetu ya umeme, ile yenye namba tuliyoipaka rangi nyekundu, imesimama peke yake, maji hadi kiunoni. Gari halikuwepo. Paa letu lina turubai la buluu tulilolifunga kuzuia mvua, kwa hiyo nilitafuta buluu. Nikatazama kila kilichokuwa kinaelea. Hakuna buluu.

Ndipo nikaona trela ya Doris. Ilikuwa imelala ubavu, inazunguka polepole, kisha ikagonga mti na ikafunguka kama sanduku la karatasi. Baridi ikizidi mle kwetu, Doris alikuwa akimchukua Makena kwake. Nikajua mtoto yumo.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Mwenzangu anasema nilimwita mtoto kwa Kimeru, tena na tena, na nilikuwa nimevua viatu. Polisi alinishika kwa mikono miwili. Nilimwambia aniache, nikamwambia mambo mengine ambayo siwezi kuyaandika na barua hii itasomwa na Baba. Akaniuliza, "Nyumba yenu ni ya namna gani?" Nikasema ni gari kubwa, la zamani, lina turubai la buluu. Akazungumza kwenye redio yake. Kisha akasema, "Kuna magari kadhaa yamefika kule shuleni, juu. Sijui kama ni hilo. Nenda uangalie."

Hata shukrani sikumpa. Nilikimbia ile barabara ya mlima bila viatu, na mwenzangu ananifuata na gari akinipigia honi nipande.

Lilikuwa pale. Limesimama vibaya katikati ya uwanja wa shule, upande mmoja umekwaruzwa wote, paipu ya maji na waya wa umeme vimekatika vinaburuta nyuma kama mikia. Nikafungua mlango. Makena alikuwa kwenye meza na nguo za kulalia, anakula biskuti. Akaniambia, "Mama, tuliendesha nyumba."

Doris alikuwa bado kwenye kiti cha dereva. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele, na gari limezimwa. Nilimgusa bega. Akasema, bila kugeuka, "Nimeharibu paipu yenu. Sikuwa na muda wa kuichomoa."

Nilimfungua vidole kimoja kimoja, Mama. Vilikuwa vimekakamaa pale.

Baadaye, kidogo kidogo, alituambia. Alisikia mlio kama wa malori mengi. Akafungua mlango akaona maji yamefika ngazi ya pili, na trela yake pale mbele imeanza kutikisika. Ilikuwa na picha za mumewe, dawa zake, simu yake, na miwani. Angeweza kufika, anasema, hatua chache tu. Lakini Makena alikuwa amelala, na angebaki peke yake katikati ya maji hayo. Ufunguo wetu hukaa kwenye msumari juu ya jiko. Akawasha. Hakuwa ameendesha gari kubwa tangu mumewe afe, na bila miwani haoni vizuri hata vichwa vya habari vya gazeti. "Nilifuata taa nyekundu za mtu aliyekuwa mbele," akasema. "Nikajiambia, yeye akiingia mtoni na mimi naingia."

Murithi alipofika alimkumbatia mtoto, halafu akaenda nyuma ya gari akakaa chini kwenye lami. Sijawahi kumwona mume wangu akilia. Sikumsogelea. Nilimwacha.

Nilifikiri mshtuko umeisha hapo. Haukuisha. Siku ya pili watu wa bima walikuja pale shuleni na meza zao, kila mtu akapanga foleni, Doris akabaki ameketi. Nikamwambia twende. Akasema hana bima. Aliiacha mwaka jana, bei ya dawa ilipopanda. Hakuwa na kingine cha kukata kwenye matumizi yake ya mwezi, akakata bima.

Nikamkopesha simu ampigie kijana wake. Ana kijana, Mama, ana nyumba, ana watoto. Nilisimama karibu nikijua kwamba atasema, "Mama, nakuja sasa hivi." Waliongea kwa muda mfupi. Doris akanirudishia simu akasema, "Anasema hana nafasi kwa sasa. Nimtafute mwezi ujao." Akalisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeniambia duka limefungwa. Nilimfikiria Kimathi akipokea simu kama hiyo kutoka kwako, nikaona hata kuwaza ni vibaya.

Kwa hiyo analala kwetu. Ile meza yetu hukunjwa ikawa kitanda. Tumepata kiwanja kingine mlimani, ghali zaidi, na matengenezo ya ubavu yamemaliza bahasha ya kwanza yote. Dawa zake na miwani tumenunua sisi. Wiki iliyopita, kabla ya zamu yangu, mimi na Murithi tuliketi nje tukaongea, kwa Kiingereza tulichokizoea siku hizi, tukifikiri amelala.

Murithi akasema, "Tukikaa naye, mabati hayapatikani mwaka huu. Labda hata mwakani."

"Najua."

"Nyumba ni ya mama yako. Ndiye anayelala kwenye mbao zinazovuja. Mimi siwezi kuamua hilo. Sema wewe."

Niliinuka nikaanza kuanua nguo kwenye kamba. Moyoni nilikuona, Mama, ukisogeza kitanda usiku wa mvua na kuweka sufuria chini.

Asubuhi yake nikitoka kazini nilimkuta Doris kwenye kituo cha basi, barabarani, na mfuko wa plastiki wenye nguo alizopewa na kanisa. Murithi alikuwa ndani na mtoto, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kupumzika, na hakumsikia akitoka. Nikajua alikuwa ametusikia. Nikamwambia mwenzangu asimame.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Sijui," akasema. "Nilidhani nikifika kituoni nitajua."

Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba. Nikamwambia tu, "Mama yangu akisikia uliondoka kwangu alfajiri bila hata chai, sitakuwa na uso wa kurudi nyumbani." Akaniangalia kwa ile miwani mpya. Akauliza, "Ni mkali?" Nikasema, "Sana." Basi likaja, dereva akafungua mlango, akangoja, akafunga, akaenda. Tukarudi kunywa chai.

Kwa hiyo nimeamua, na nimeamua kabla ya kukuuliza. Mabati yatangoja. Nimemwambia Kimathi aje na fundi azibe paa la zamani, na pesa ya hiyo nimeitoa kwenye mshahara wangu wa mwezi huu, Karimi anayo kwenye bahasha ndogo. Si kile nilichokuahidi. Najua ulishawaambia akina mama wa kanisa kuhusu Desemba, na najua watakuuliza. Waambie lolote unaloona linafaa.

Nisalimie Baba, na umwambie maneno niliyomtupia polisi nitamweleza nikija. Nisalimie Kimathi na mkewe pale Majimbo, na mtoto wao ambaye sijambeba bado. Shangazi wa Laare mwambie skafu yake ndiyo niliyoivaa siku ile, na bado ninayo. Msalimie mwalimu wangu wa darasa la nane ukimwona njia ya shuleni, na yule mama jirani anayekuchotea maji siku goti likikataa.

Mama, nijibu wewe mwenyewe, usimwachie Baba. Kama umekasirika, niandikie hivyo hivyo, nitasoma. Doris haelewi neno hata moja kwenye karatasi hii, lakini anajua naandika kwa nani. Amekaa mbele yangu anamenya viazi, na ameniuliza mara mbili sasa barua huchukua muda gani kufika Meru.

Mwanao akupendaye,
Gatwiri