Koti la Kijivu na Bega la Kulia

Jumatatu, 2 Novemba 1953

Kutwa ghalani. Nimepaka alama magunia ya kopra mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Mchana mhogo wa kuchoma, nimekula nimesimama. Halafu karani mkuu akaniletea barua. Nimeitwa. Shule mpya inayojengwa hapa Temeke inataka mwalimu wa darasa la pili, na kamati itaniona Jumatatu ya tarehe 16, saa tatu asubuhi.

Nimeisoma mara nne. Chooni, mahali pekee pasipo na mtu.

Cheti cha ualimu ninacho mwaka wa tatu huu na sijaingia darasani hata siku moja. Kamati ya kwanza, kule kwetu Masasi, walinitazama dakika tano tu. Baadaye mmoja wao akanipasulia: watoto wangelicheka bega langu la kulia. Hawakuniuliza hata mbili mara mbili ni ngapi. Ndiyo maana niko Dar es Salaam napaka magunia.

Safari hii hawatapata bega la kutazama. Nitavaa koti.

Jumatano, 4 Novemba

Nimenunua. La kijivu, vifungo vitatu, mfuko wa kalamu. Duka la Uhindini, mwenyewe alinivika matatu na yote matatu yalikuwa ya mtu mwingine. Nadhani makoti ya dukani hushonwa kwa mtu mmoja ambaye sijapata kumwona. Mabega yake yako sawa, mikono yake mirefu, na kila siku anashiba.

Bi Sikudhani, mama mwenye nyumba, alikuwa anachambua mchele uani nilipoingia nimelivaa. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, umo humo ndani au umeshatoka?"

Nimekasirika. Kisha nimejitazama. Kweli, mikono inafika kwenye kucha na mgongoni panaingia mtu wa pili. Anasema nimpelekee Fundi Kombo, mtaa wa pili, mwenye cherehani barazani. Eti amewashonea watu mpaka wa Kinondoni. Sawa.

Jumamosi, 7 Novemba

Ghala tumefunga saa sita. Moja kwa moja kwa Fundi Kombo.

Mzee mwembamba, kofia ya kitani, pini mdomoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuzitoa pini. Nikasimama mguu sawa, kama tulivyofundishwa misheni kusimama mbele ya mkubwa. Kifua mbele. Bega la kulia nikalivuta juu likae sawa na mwenzake. Nalivuta hivyo tangu nina miaka tisa, nilipoanguka mkorosho na mfupa ukaunga vibaya. Hakuna aliyenifundisha. Naweza kulishikilia robo saa nisipopumua sana.

Akapima mgongo, kiuno, mikono. Akaandika tarakimu za Kiarabu kwenye kipande cha karatasi. Mimi mwenye cheti sikuweza kusoma hata moja. Hakusema neno juu ya bega. Nikafurahi kwamba hakuona.

Jumanne, 10 Novemba

Koti tayari. Kiuno kimepunguzwa, mikono imekatwa, pasi imepita sawasawa. Nimejitazama kwenye kioo cha Bi Sikudhani, kile cha kabati. Mtu aliyekuwa mle ndani ni mwalimu. Sina neno jingine. Nilikaa pale mpaka mama akauliza kama nataka kununua kioo.

Nina furaha na sioni haya kuiandika.

Jumatano, 11 Novemba

Nimefedheheka.

Baada ya kazi nililivaa nikaenda kuitazama shule. Kuta zimesimama, upande mmoja bati limeshapigwa. Njia ni ndefu na mchanga mwingi. Nilivyochoka, bega likashuka bila kuniuliza. Mkono wa kulia wa koti ukanimeza vidole. Pindo likaenda mshazari, kola ikaachana na shingo. Sikujua. Nilikuwa natembea kama bwana mkubwa.

Mwashi mmoja juu ya jukwaa akaniuliza kwa sauti, "Koti la kakako hilo?" Wenzake wakacheka mpaka mwiko mmoja ukaanguka.

Nimerudi nimelivua, nimelibeba mkononi. Fundi gani huyu? Siku tano zimebaki.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimekwenda kugombana. Nimegombana.

Nilimwambia ameniharibia. Akanisikiliza mpaka mwisho, mguu bado juu ya kikanyagio. Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma, "Mie Jumamosi nilimpima nani? Maana huyu niliye naye leo si yule."

Nilikuwa nimekuja na hasira, nimesahau kulivuta bega. Aliniona kama nilivyo.

Ningeweza kunyamaza hapo. Badala yake nikamwambia ajaze pamba bega la kulia, nyingi, mpaka liwe sawa na la kushoto. Akakataa. Akasema pamba hailingani na mfupa, na nitakapoinua mkono nitajuta. Nikamwambia koti ni langu. Akasema, "Haya, koti lako, baba." Akanyoosha mkono kulipokea, na hakunitazama tena.

Najua nimemkosea adabu mtu mzima. Lakini sikuja mjini kutazamwa.

Ijumaa, 13 Novemba

Fundi hafungui mpaka baada ya sala. Nimelichukua alasiri. Pamba imekaa. Kioo kinasema mabega sawa. Siamini kioo tena, ila nalala na matumaini.

Jumamosi, 14 Novemba

Mchana, chumbani. Nikajifunga koti, nikachukua kipande cha chokaa, nikajifanya niko darasani. Nikainua mkono niandike ukutani.

Koti lote likapanda. Kola ikafika masikioni. Pamba haikuja na mimi, ilibaki pale ilipo, nundu imekaa peke yake kando ya shingo. Nikajaribu tena kwa nguvu. Mshono wa kwapa ukafumuka, sauti nikaisikia.

Nimekaa kitandani muda mrefu. Nilikuwa nataka kulia na sikulia, nadhani ni kwa sababu ya joto. Nimefikiri niwaandikie kamati kwamba naumwa. Nikaanza hata kuandika. "Kwa heshima na taadhima." Nimeichana.

Bi Sikudhani akapita mlangoni, akaona kwapa, akaona chokaa ukutani. Nilidhani atasema juu ya ukuta wake. Akasema, "Nenda kamwombe fundi radhi. Mie nimpikie nani chai Jumatatu ukikimbia?"

Nimekwenda, koti bado mwilini. Nimeomba radhi. Fundi Kombo akasema yamekwisha, akasogeza kigoda, akaniambia niketi, kwanza amepata barua kutoka kwa binti yake Tanga na macho yake hayasomi herufi za Kizungu. Nimsomee. Nikaona ndiyo adhabu yangu, nikaketi.

Barua ndefu. Binti amejifungua mtoto wa kike. Mbuzi wa jirani amekula mahindi, jirani amekataa kulipa, wamekwenda kwa jumbe, jumbe naye ana mbuzi. Mwandiko mbaya, ikanibidi niinamie mwangani. Fundi aliuliza maswali: mtoto kafanana na nani, jumbe kasemaje. Nikarudia mistari. Nikacheka mahali pa mbuzi. Alikuwa akizunguka nyuma yangu, nikasikia kama nzi wanatua begani, sikujali. Akaniambia nisimame, niendelee kusoma. Kisha niinue barua juu, nuru iko juu. Nikainua.

Nilipofika kwenye salamu za mwisho nikagundua nimejaa pini. Bega, kwapa, pindo, kote. Na bega lilikuwa chini, mahali pake, na mimi nilikuwa napumua.

"Sasa nimekupima," akasema.

Akafumua yote mbele yangu. Pamba akaitupia kuku.

Jumapili, 15 Novemba

Nilipotoka kanisani nikapita kujaribisha. Koti limepigwa bandi tu, nyuzi nyeupe kila mahali. Mshono wa bega la kulia ameushusha. Mkono wa kulia ameukata zaidi ya wa kushoto, karibu upana wa vidole viwili. Kwapani ametia kikwapa, kipande alichokitoa kwenye pindo la ndani. Akaniamuru niinue mkono kama nataka kuchuma kitu. Koti halikwenda popote. Mkono ulipanda peke yake.

Kwenye kioo chake kidogo bega linaonekana. Liko chini, mtu yeyote atajua. Nikamwambia hivyo. Akasema ndiyo, linaonekana, ila sasa koti halilipigii kelele.

Jioni amemaliza, amenipigia pasi yeye mwenyewe.

Nikamsimulia Bi Sikudhani juu ya ile barua, mbuzi na jumbe. Akashika kiuno akacheka. Eti barua ni ya zamani, mtoto wa binti yule sasa anachota maji. Kila mteja anayejikaza kwa fundi husomeshwa barua hiyo. Hata mume wake yeye Bi Sikudhani aliisoma, alipokuwa ameota kijitumbo na anakibana ndani.

Nimecheka pia. Kisha nikaona nimeshikwa na hofu ya kesho. Sijui watauliza nini. Sijui niseme nini kuhusu bega. Nina uongo mmoja tayari, wa vita vya Burma, lakini umri wangu hauufikii.

Jumatatu, 16 Novemba

Imekwisha.

Watu watano mezani, ndani ya darasa jipya. Mwangalizi wa shule, Mzungu mwenye pua iliyobabuka, na wazee wanne wa mtaa. Waliniamuru niandike hesabu ubaoni, kisha niwaeleze kama wao ndio watoto. Ubao umepigwa juu mno, mwashi aliupiga kwa urefu wake. Nikainua mkono. Nikaandika mstari wa juu kabisa. Sikufikiria koti mpaka nilipokuwa nimemaliza. Hilo ndilo ninalotaka kulikumbuka, kwamba sikulifikiria.

Nilipogeuka, mzee mmoja mwenye bakora akauliza mbele ya wote, "Bega lako lilifanya nini, mwalimu?"

Wote watano wakalitazama bega, kama wale wa Masasi.

Nikasema nilianguka mkorosho nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa naiba. Mwenye shamba alitokea.

Hakuna aliyecheka. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema yeye alivunjika mguu kwenye mnazi, naye hakuwa amepanda kwa ruhusa. Akauliza swali lingine. Mtoto asiyejua kuzidisha nitamfundishaje kugawanya? Nikaomba mbegu za kuhesabia. Hawakuwa na mbegu, nikachukua kokoto uwanjani, nikazigawa mezani, mbele ya Mzungu, kwa wazee wanne, moja moja, mpaka zikaisha. Wakabaki kila mmoja na rundo lake. Mmoja alikataa kurudisha la kwake.

Walisema watanijulisha. Nimetoka nimelowa jasho mpaka bitana.

Alhamisi, 19 Novemba

Hakuna barua. Kopra.

Jumanne, 24 Novemba

Hakuna barua. Nimepita kwa Fundi Kombo, kanisogezea kigoda. Nimemtungia uzi kwenye sindano sita. Macho yake kweli yamekwisha, hilo halikuwa hila.

Ijumaa, 27 Novemba

Nimepata.

Naanza shule zitakapofunguliwa Januari. Darasa la pili, watoto arobaini. Karani mkuu aliniletea barua ikiwa imefunguliwa, yaani ghala zima lilijua kabla yangu. Walinibeba juu juu mpaka mlangoni, na magunia yenye rangi mbichi yakanichafua shati. Siku yoyote nyingine ningetukana.

Bi Sikudhani amepika wali wa nazi na kuku. Fundi Kombo alikuja, akala, akalishika koti nilipokuwa nimelitundika, akaukagua mshono wa bega kwa kidole gumba kama anayetafuta kosa. Hakulipata. Nilimwambia ahsante. Akajifanya anatoa mfupa mdomoni.

Jumatano, 20 Januari 1954

Joto kali. Darasa halina dari na bati linachoma vichwa. Saa nne nikavua koti, nikalitundika kwenye msumari kando ya ubao, nikaendelea na kugawanya.

Nilipogeuka watoto walikuwa wanatazama ukutani. Koti linaning'inia limekwenda upande, kulia chini, kushoto juu. Likiwa halina mtu ndani, linaonekana hivyo. Zena, yule wa benchi la mbele, akainua mkono.

"Mwalimu, koti lako limepinda."

Nikamwambia halijapinda. Limeshonwa kwa kipimo changu.

Wakalitazama koti. Wakanitazama mimi na shati langu, bila haraka, kama wanavyotazama kitu wanachotaka kukinakili. Mmoja nyuma alicheka kidogo, akaacha mwenyewe. Kisha wakainama kwenye vibao vyao. Kumi na mbili kugawanya kwa tatu. Wengi wamepata nne.