Pole za Mgonjwa wa Butembo

Dada Neema, shikamoo kutoka Bwera, huku mpakani na Kongo, ambako mvua inapiga mabati hadi tunafundishana kwa kupayuka. Kila Alhamisi sisi tunaosomea ubingwa hapa hospitalini humjadili mgonjwa mmoja bila kumtaja jina, kwa Kiswahili maana bosi wetu ni Mkongo, na madaktari wakubwa hubahatisha ugonjwa huku wakimaliza maandazi.

Leo zamu ilikuwa yangu. Mgonjwa wangu, muuza vitenge kutoka Butembo, ameshapona, nikamketisha nyuma ili nimwonyeshe mwishoni. Nikaeleza: mwanamume, tumbo linauma, amekonda sana. Wakubwa wakachangamka. Mmoja akasema kansa, mwingine kifua kikuu cha tumbo, na bosi akatikisa kichwa kama mchungaji makaburini.

Ilikuwa minyoo tu. Lakini kabla sijatamka, yule muuza vitenge kule nyuma akafanya ishara ya msalaba, akainuka machozi yakimlengalenga. "Pole sana, Dokta. Ule mutu balimuzika wapi?"

Nibusie Mama. Na kile kikohozi chako usinitajie tena kwenye simu. Nakupenda, na hawa wenzangu watakuzika kabla chai haijapoa.

Mdogo wako, Baraka