Laini Yenye Jina Langu

Istanbul, Jumapili

Dada yangu Hacer,

Naibusu mikono yako, na watoto nawabusu machoni. Natumai barua hii itawakuta wazima, na kikohozi cha mama mkwe wako kimepungua. Sisi huku afya ipo, ila usingizi hatuna. Anayekuletea ni mke wangu Figen. Mpe chai kabla hujaanza kumsaili. Simu usinipigie.

Kazi yangu unaijua: ndimi mwakilishi wa mtandao wetu wa kijamii hapa nchini. Sheria inataka awe raia anayeishi hapa hapa, ili serikali ikikasirika iwe na mtu wa kumshika. Nilipopewa cheo hicho ulinicheka, ukasema hata mbuzi wa Idi hulishwa vizuri.

Juzi ikaja amri ya mahakama: ukurasa wa wajane wa ajali ya mgodi ufutwe ndani ya muda wa saa nne, na mwenyewe atajwe. Nikaufungua. Kwenye video nyuso hazikuonekana, mikono tu, ikikoroga halua ya arobaini mbele ya lango la mgodi, na kila mkorogo jina la marehemu mmoja. Lilipotajwa la shemeji Dursun, mwiko ukasimama. Nilikijua kile kidole chako kilichopinda. Mkono ule ndio ulionilea. Nililia pale pale ofisini, watu wakinitazama.

Nikawaandikia wakubwa wetu ng'ambo kwamba mle hamna tusi wala uongo, ni wake wanaouliza kwa nini king'ora hakikulia. Wakajibu kwamba wananionea fahari, lakini serikali imetishia kuubana mtandao nchi nzima, hata picha moja ichukue nusu siku kufunguka. Wakaufuta kabla ya chakula cha mchana. Mwanasheria wetu, Bwana Tanju, akanipiga bega: “Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, bwana. Si una watoto wewe?” Nikamwambia nina dada.

Kumbe wakubwa wale waliipa serikali na namba ya simu iliyofungulia ukurasa. Ijumaa nikaitwa kwa mwendesha mashtaka. Hacer, ukurasa uliufungua kwa ile laini niliyokuachia nilipohama, na hadi leo imesajiliwa kwa jina langu. Yule bwana alikuwa anacheka: “Loo! Kumbe mlinzi wa zizi ndiye fisi mwenyewe! Haya, sema, ni wako huu?” Nikasema ni wangu. Nikatia saini. Kesho asubuhi narudi, na nimeambiwa nije na nguo za kubadilisha.

Nakujua ulivyo mbishi. Huenda umeshafikiria kufungua ukurasa mwingine. Ukiufungua nikiwa ndani, watajua nilidanganya, watakufuata wewe, na watoto wako wamebakiwa na mzazi mmoja tu. Naogopa, dada, sikufichi. Serikali ilinitaka nikuzibe mdomo, nikakataa mbele ya wote. Sasa mimi mwenyewe, bila amri ya mtu, nakuomba unyamaze.

Wasalimie majirani, na uwaombe radhi wajane wenzako kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Rıfkı